Hilo doa msilifute

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kusema hii blogu imekufa. Haijafa. Mwenye blogu ndo alikuwa amefukiwa na timed paper, asaimenti, na ile shughuli ya kusubiri bumu ambayo nayo ni kozi kamili, ina hadi mazoezi ya vitendo. Leo nimerudi na jambo ambalo limenikaa kooni tangu mwaka wa kwanza.

Nitaanza na galaksi. Watu wa sosholojia na sheria msifunge ukurasa, hakuna hesabu humu, na mwishoni tunaongelea desa. Najua hapo nimewashika.

Galaksi yenyewe inaitwa M87. Iko mbali: mwanga wake unasafiri miaka kama milioni 55 kufika hapa kwetu. Yaani huo mwanga ulipoondoka kule, dinosaria walikuwa wameshatoweka duniani, ila binadamu bado kabisa. Iko upande wa kundi la nyota la Mashuke, lile ambalo wenzetu wanaliita Virgo. Galaksi yetu sisi ni kama sahani yenye mikono iliyojizungusha, lakini M87 ni galaksi duaradufu, haina mikono wala madoido. Ni kama mpira mkubwa wa mwanga, unang'aa sana katikati na kufifia taratibu ukielekea pembeni. Nyota zake nyingi ni vikongwe, na zinakadiriwa kuwa trilioni kadhaa. Kuna pia yale mafungu ya nyota yaliyobanana kama nyuki kwenye mzinga: galaksi yetu tunayajua kama 150 hivi, M87 inayo zaidi ya 10,000. Kwa kifupi, ni jitu.

Sasa, nani aliigundua? Ukifungua kitabu utajibiwa fasta: Charles Messier, Paris, tarehe 18 Machi 1781. Swali la alama moja, jibu, songa mbele. Hilo jibu ni sahihi, ila mimi nasema limeacha nje sehemu tamu yote.

Messier hakuwa anatafuta galaksi. Mwaka 1781 hapakuwa na mtu duniani aliyejua kwa uhakika kwamba kuna galaksi nyingine zaidi ya hii yetu. Jamaa alikuwa mwindaji wa nyotamkia. Enzi zile ukiona nyotamkia mpya kabla ya wengine, jina lako linavuma Ulaya nzima, na yeye aliziona zaidi ya kumi. Shida ni kwamba kwa darubini ndogo za wakati ule, nyotamkia ikiwa bado mbali inaonekana kama doa la ukungu tu. Na mbinguni kuna madoa kibao ambayo siyo nyotamkia. Tofauti utaijua usiku unaofuata: nyotamkia inahama, doa halihami. Kwa hiyo unaweza kukesha na doa, ukashangilia, kesho yake ukakuta limekaa palepale linakuangalia.

Ndo akatengeneza orodha. Orodha ya Messier, ile maarufu ambayo mpaka leo watu wa darubini wanaitumia, ilianza kama orodha ya vitu vya kupuuza! Doa namba 1, doa namba 2, msipoteze muda hapa. M87 maana yake ni kitu cha 87 kwenye orodha hiyo. Usiku ule wa 18 Machi aliandika madoa kadhaa ya upande uleule wa anga, na kwenye hili akaweka mahali lilipo na kwamba ni ukungu usio na nyota ndani yake. Basi. Trilioni za nyota, na aliyeziona kwanza akaandika kwamba hamna nyota. Simcheki, kwa kioo alichokuwa nacho hata mimi ningeandika hivyohivyo.

Cha kuchekesha zaidi, siku tano tu kabla, tarehe 13 Machi 1781, kule Bath Uingereza, William Herschel aliona kitu kinachohama akadhani ni nyotamkia. Kumbe ni sayari, ndiyo hii Uranus. Yaani ndani ya wiki moja mmoja kaona sayari akadhani nyotamkia, mwingine kaona galaksi akaiweka kwenye orodha ya vitu visivyo nyotamkia. Kila mtu kichwa chake kiko kwenye nyotamkia tu. Aisee, hebu niambieni kama hamjaona ugonjwa huo hapa chuoni.

Tuendelee. Miaka 137 ikapita. Mwaka 1918 kule California, kwenye kituo cha Lick juu ya mlima Hamilton, Heber Curtis akachapisha maelezo ya nebula na mafungu ya nyota 762 yaliyopigwa picha kwa darubini ya pale. Vitu 762! Mtu wa kawaida akifika cha mia mbili anaanza kuandika "kama hapo juu". Alipofika kwenye M87 akaandika kwamba kuna mwale wa ajabu ulionyooka, unaonekana kuunganishwa na kiini kwa uzi mwembamba. Hakueleza ni nini, maana hakujua. Hakuna aliyejua. Hata kama ni galaksi ilikuwa bado ni ubishi: miaka miwili baadaye, 1920, Curtis huyuhuyu alisimama Washington kubishana na Harlow Shapley, yeye akisema haya madoa ya mviringo ni galaksi zinazojitegemea. Edwin Hubble alipopima umbali wa Andromeda miaka michache baadaye, ikaonekana Curtis alikuwa na haki kwenye hilo.

Lakini ule mwale? Ukakaa kwenye karatasi. Sentensi moja kati ya maelezo 762.

Mwaka 1949 John Bolton, Gordon Stanley na Bruce Slee walikuwa Australia, na antena yao iliwekwa juu ya jabali la bahari pale Sydney. Walikuwa wanafuatilia sehemu za anga zinazotoa mawimbi ya redio kwa nguvu. Moja waliyoiita Virgo A wakaona inaangukia palepale penye M87. Doa limeanza kupiga kelele! Na kwenye ripoti ileile, chanzo kingine kiliangukia kwenye M1, doa la kwanza kabisa kwenye orodha ya kupuuza. Mwaka 1956 Walter Baade akaonyesha kwamba mwanga wa ule mwale una sifa ya mwanga unaotolewa na elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga ndani ya usumaku. Maana yake kuna kitu pale katikati kinarusha vitu nje kwa nguvu isiyo ya kawaida, mpaka umbali wa maelfu ya miaka ya nuru.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanaastronomia wakapima nyota zilizo karibu na kiini, wakaona zinaenda kana kwamba zimeshikwa na uzito mkubwa usioonekana. Mwaka 1994 darubini ya anga ya Hubble ikaonyesha gesi inazunguka pale katikati kwa kasi ya kutisha. Shimo jeusi. Na hapo wakapishana: waliopima kwa nyota walipata kama mara bilioni 6 na kitu ya uzito wa Jua letu, waliopima kwa gesi wakapata bilioni 3 na nusu. Karibu nusu kwa nusu! Unadhani walifanyaje? Walichapisha zote mbili. Hakuna aliyefuta ya mwenzake, wala aliyeipunguza ya kwake ili ifanane na ya jirani.

Halafu ndo ikaja ile picha. Mnaikumbuka, ile pete ya rangi ya chungwa yenye giza katikati, iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019. Watu mtandaoni wakaifananisha na donati na kila kitu cha kuliwa. Ile ni M87, au tuseme kivuli cha shimo jeusi lililoko kwenye kiini chake. Aprili 2017 darubini nane za redio zilizoko sehemu sita, Hawaii, Arizona, Mexico, Hispania, Chile na Ncha ya Kusini, ziliunganishwa zifanye kazi kama darubini moja yenye ukubwa wa dunia. Afrika hatukuwa na sahani hata moja kwenye hiyo kazi, japo upo mpango wa kujenga moja Namibia. Pete yenyewe kwa macho yetu ina upana wa chungwa ukiliweka juu ya mwezi. Data zilikuwa nyingi mno kutumwa kwa intaneti, wakazisafirisha diski zenyewe kwa ndege, na za Ncha ya Kusini zilibidi zisubiri majira ya baridi yaishe. Nasi tunalia faili la mega 5 limekataa kufunguka...

Sasa hapa ndo panaponiuma. Kabla ya kutengeneza picha, wale watafiti waligawanywa timu nne. Data zilezile, timu nne, na kwa wiki kadhaa hairuhusiwi timu moja kuongea na nyingine kuhusu picha. Kwa nini? Kwa sababu walijua kila mtu anatamani kuona pete. Nadharia imeshasema pete, vitabu vimechora pete. Wakaogopa tamaa yao wenyewe. Walipokutana mwaka 2018 wakaweka picha nne mezani, na zote nne zilikuwa na pete, ukubwa uleule, upande wa chini unang'aa zaidi. Uzito wakapata mara bilioni 6.5 ya Jua. Wale wa nyota walikuwa karibu zaidi na ukweli.

Kwa lugha ya hapa kampasi: walijizuia kudesa. Watu zaidi ya 200 waliobobea, wanajitungia kanuni ya kujizuia kudesa!

Haya, sasa niwaambie yangu.

Mwaka wa kwanza, maabara ya fizikia, tulikuwa watatu kwenye kikundi. Jaribio lilikuwa la springi: unaning'iniza jiwe la mizani, unalivuta kidogo, unaliachia, unahesabu muda wa mizunguko ishirini. Unabadilisha uzito, unarudia. Halafu unachora grafu ya muda uliozidishwa kwa wenyewe dhidi ya uzito, unapata mstari ulionyooka. Tulikuwa na desa la mwaka uliopita, safi, limeshapigwa muhuri na kusahihishwa. Kwenye desa mstari unapita sifuri bin sifuri. Wetu haukupita. Ulikuwa umenyooka vizuri tu, ila ulikata juu ya sifuri. Tukarudia mara ya pili. Juu ya sifuri. Mara ya tatu, palepale, kama doa la Messier.

Mwenzetu mmoja akasema, labda tuandike kama ilivyo. Mimi, nasema wazi hapa, mimi ndiye niliyesema hapana. Nilisema "tutakosa maksi, halafu saa hizi foleni ya chakula imeshaanza." Nikachukua kifutio, nikashusha namba za uzito mdogo mpaka mstari ukatii. Tulipata 18 kwa 20. Nilitembea na ile ripoti kwenye kordo kama mtu aliyeshinda ubunge.

Mwaka uliofuata, nikiwa maktaba natafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na sababu. Springi nayo ina uzito wake! Wakati jiwe linapanda na kushuka, springi nayo inapanda na kushuka, na takribani theluthi moja ya uzito wake inajihesabu pamoja na jiwe. Kwa hiyo hata ukitoa jiwe lote, muda haufiki sifuri. Mstari LAZIMA ukate juu. Tulikuwa tumeipima springi yenyewe bila kujua. Ilikuwa ndiyo namba pekee pale ambayo haikutoka kwenye desa la mtu, na mimi niliifuta kwa kifutio ili niwahi wali maharage.

Kinachonitesa siyo maksi. Ni yule mwenzetu aliyesema tuandike kama ilivyo. Baada ya siku ile hakusema tena. Kila jaribio lililofuata alikuwa anauliza kwanza, "desa linasemaje?" Nilimfundisha mimi. Nilimwomba msamaha muhula uliopita, akacheka, akasema hata hakumbuki. Hilo ndo liliniumiza zaidi.

Sasa najua hoja itakayokuja, maana nishaisikia chumbani kwangu. "Kaka, wewe una muda. Sisi tuna kozi sita, bumu halijatoka, sapu inanukia, nyumbani wanasubiri tumalize. Hatuko hapa kugundua galaksi, tuko hapa kutoka na cheti." Naiheshimu hoja hii, na mimi naishi humohumo. Lakini angalieni vizuri nilichokisema. Messier hakuikimbilia M87. Hakuwa na muda nayo, alikuwa na nyotamkia zake za kuwinda, na orodha yake ilikuwa ya lazima. Ila hakuifuta. Aliandika: ipo hapa, siku hii, inaonekana hivi, nikaendelea na safari. Curtis alikuwa na vitu 762 mezani, hakukaa mwaka mzima kuulizia ule mwale. Sentensi moja, akaenda cha pili. Kuwa mkweli hakukuwachukua hata dakika tano. Mimi kudanganya kulinichukua nusu saa, na wali niliukuta umeisha.

Kwa hiyo sisemi mtu afuate kila doa. Nasema asilifute. Ndo maana swali la "hii inakuja kwenye mtihani?" likiulizwa darasani siku hizi linanichoma. Siyo kwamba ni swali baya, mtihani upo na kila mtu anataka kupita. Ubaya ni jibu likishakuwa "hapana", kalamu zote zinashuka kwa pamoja, pwaa. Hata orodha ya Messier iliviandika vile vya kupuuza.

Na lawama siyo za wanafunzi peke yao. Lekchara akisahihisha kwa kuweka ripoti yako pembeni ya jibu lake na kukata kila kisichofanana, basi ameshatuambia anachotaka, na sisi siyo wajinga, tutampa. Ombi langu ni dogo: kwenye kila ripoti ya maabara pawe na alama mbili, mbili tu, za sehemu ya "kilichotushangaza na hatukielewi". Na vipimo viandikwe kwa kalamu ya wino, ukikosea unakata mstari mmoja, namba inabaki inasomeka. Hiyo haihitaji bajeti ya wizara.

Kwetu sisi wanafunzi nina ombi moja pia. Desa litakuwepo, siwezi kujifanya mtakatifu. Lakini pima kwanza, andika kwanza, ndo ufungue desa. Zikipishana, usikimbilie kifutio. Mkiwa watatu kwenye kikundi, kila mmoja achore grafu yake kabla ya kuangalia ya mwenzake. Wale wa M87 walifanya hivyo na wao walikuwa na madigrii matatu matatu.

M87 kwa macho matupu haionekani, inahitaji walau darubini ndogo ya mkononi na giza la kweli. Kuanzia Machi mpaka Mei jioni inapanda mashariki, na usiku inapita karibu na utosi wetu. Ndiyo, najua, ndo masika yenyewe, mawingu kila siku. Lakini kuna usiku mvua inakatika, umeme nao unakatika, hosteli nzima inapiga kelele "aaaah!", na juu panakuwa peusi tii. Mkiniona nje ya hosteli nimeinua shingo na darubini ya kuazima, msidhani nimechanganyikiwa na mitihani. Natafuta doa. Nikiliona nitaandika tarehe, saa, na lilivyo. Nisipoliona nitaandika hivyohivyo kwamba sikuliona.

Haya wadau, ni hayo kwa leo. Kesho nina maabara saa mbili asubuhi, na kifutio nimekiacha chumbani.